Mashemeji Wawili na Waya Mmoja

Kaka yangu alistaafu ufundi umeme mwaka uleule ambao laptopu yangu ilianza kuchukua nusu saa kuwaka, na kwa bahati mbaya mambo haya mawili yakakutana. Mstaafu mwingine angefuga kuku. Kaka aligundua Linux.

Kwa asiyejua, Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama Windows tuliyoizoea, ila hauuzwi, unagawiwa bure, na wanaoutumia hawawezi kukaa nao kimya. Kaka aliukuta kwenye video za mtandaoni, akauweka kwenye kompyuta yake ya mezani huko Kisarawe, na tangu siku hiyo haujapita msiba wala harusi ya ukoo bila yeye kumvuta mtu pembeni na kumweleza namna kompyuta yake inavyomdhulumu. Mimi ni mdogo wake wa pekee, tena mwalimu wa sekondari. Maana yake nina adabu kwa wakubwa na sina kompyuta mpya. Nilikuwa windo rahisi.

"Niachie wiki mbili," aliniambia nilipompelekea. "Ukija kuichukua hutaitambua."

Hapo hakusema uongo.

Katikati ya wiki hizo mbili alinitumia ujumbe: "Wifi imegoma kabisa tangu jana. Nimejaribu kila njia." Niliusoma nikiwa ofisi ya walimu, nikakaa chini. Wifi yangu, mke wa kaka, ni mwanamke mpole ambaye katika miaka yote ya ndoa yao sijawahi kusikia amegoma jambo. Nikatoka nje nikampigia. Nikamwambia wifi, ndoa ni kuvumiliana, kaka yangu namjua tangu utotoni, kichwa kigumu lakini moyo mzuri. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akaniuliza taratibu, "Wifi, kwani kuna nini? Mimi hapa nakuna nazi."

Ningekuwa mwalimu wa Kiswahili badala ya jiografia, ningeona mapema kwamba kaka aliandika "imegoma" na si "amegoma". Kilichogoma ni kile kidude cha ndani ya laptopu kinachonasa mtandao wa hewani. Linux ilikitazama ikakikana, na kaka hakupata dawa.

"Si neno," alisema nilipokwenda kuichukua. "Utatumia waya. Waya ndio mtandao wa watu wazima."

Akachukua waya wa manjano, akachomeka ncha moja kwenye laptopu na nyingine kwenye ruta yake, kile kisanduku chenye taa kinachogawa intaneti ndani ya nyumba. Kurasa zikafunguka kabla sijakaa sawasawa. Mafaili yangu yote ya zamani yalikuwa mahali pake, hata picha nilizodhani zimepotea. Nilifurahi kweli, nikamshukuru kaka kwa mikono miwili. Nayasema haya ili ijulikane kwamba sikuzaliwa na kejeli. Nilifunzwa, tena kwa wiki moja tu.

Nyumbani kwangu ni Kibaha, Mkuza, na ndani ya nyumba hiyo yumo mume wangu. Yeye ni afisa utumishi katika ofisi moja Dar es Salaam, na miaka mingi ya kusikiliza visingizio vya watumishi imemfanya aitazame dunia nzima kama faili la nidhamu. Ruta ya nyumbani aliinunua yeye, akaifunga yeye, akaiweka juu ya kabati la vyombo pale sebuleni ambapo hakuna mgeni atakayeikosa. Kuipangusa vumbi lazima utoe taarifa.

Mume wangu na kaka yangu walikuwa hawajakaa meza moja kwa miaka miwili. Hawakuwa wamegombana, maana watu wazima hawagombani. Ila kwenye sherehe ya kumuaga binti yetu, spika zilizimika wakati mzee wa upande wa pili akitoa nasaha. Vyombo alifunga kaka, ekstensheni ilikuwa ya mume wangu. Kaka akasema mbele ya watu kwamba ekstensheni ile inafaa kufungia mbuzi. Mume wangu akajibu kwamba mbuzi mwenyewe angefunga vyombo vizuri zaidi. Tangu hapo salamu zao zilipitia kwangu, kama barua za serikali zinazopitia kwa mkuu wa idara. Mwambie shemeji namsalimu. Shemeji anasema zimefika.

Basi Jumatatu jioni nikafika nyumbani na laptopu yangu iliyookoka na waya wake wa manjano. Nilikuwa na kazi moja: kuingiza alama za mtihani za kidato cha pili kwenye mfumo, mwisho Ijumaa saa kumi. Mfumo wenyewe haupendi simu. Ukiufungua kwa simu, jedwali linakatika nusu, na unajikuta umemzawadia mtoto mmoja jasho la mwingine.

Mume wangu aliupokea waya mikononi mwangu, kwa kuwa ruta ni yake. Nyuma ya ruta kulikuwa na matundu manne yamepangwa pamoja na moja la bluu limejitenga. Akauchomeka kwenye lile la bluu. Nadhani aliona ndilo lenye cheo.

Kwenye kona ya skrini kompyuta ikaandika kwamba imeunganishwa. Nikafungua ukurasa. Ukurasa ukasema hakuna intaneti. Nikarudi kwenye kona, imeunganishwa. Nikarudi kwenye ukurasa, hakuna. Nimewahi kuhudumiwa na madirisha mawili ya ofisi moja kwa mtindo huo, lakini pale angalau kulikuwa na benchi.

"Izime uiwashe," mume wangu akaamuru. Hilo kwake ni onyo la mdomo. Ilipokaidi, akachomoa ruta kwenye umeme, akahesabu mpaka kumi kwa sauti, akairudisha. Simu yake ikapata intaneti, simu yangu ikapata, na televisheni ikaendelea na tamthilia pale ilipokuwa imekatikia.

"Watumishi wengine wote wako kazini," akasema, akikaa kwenye kochi. "Mtoro ni huyu mmoja."

Nikampigia kaka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Inaendaje?"

"Haiendi. Inasema imeunganishwa, lakini intaneti hakuna."

"Hapa ilikuwa inafanya kazi. Uliona kwa macho yako."

"Niliona."

"Basi tatizo liko huko."

Kutoka kwenye kochi mume wangu akasema, "Mwambie huku kila kitu kinafanya kazi isipokuwa chake."

"Anasemaje?" kaka akauliza.

"Anakusalimu."

Jumanne nilipiga simu huduma kwa wateja ya kampuni inayotupa intaneti. Baada ya muziki mrefu nikapokelewa na binti mwenye sauti tamu, aliyenipa pole kabla sijaeleza kinachoniuma. Aliniuliza kama nimezima na kuwasha. Nikamwambia tumezima na kuwasha mpaka majirani wanadhani tuna sherehe. Akaniuliza natumia Windows ya ngapi.

"Situmii Windows. Natumia Linux."

Nikasikia akibonyeza vitufe. "Sawa mama. Na hiyo Linux ni Windows ya ngapi?"

Nikamwambia ya kumi. Alifurahi, akanisomea hatua za Windows ya kumi moja baada ya nyingine, nami nikaitikia kila hatua nikiwa nimekaa mbele ya skrini isiyo na hata kimoja cha vitu alivyovitaja. Mwisho akaniuliza kama ameweza kunisaidia. Nikasema sana. Kuna watu huwezi kuwavunja moyo.

Jumatano ilikuwa siku ya kutafuta mbadala. Shuleni tuna chumba kizima cha kompyuta, kizuri, chenye mapazia. Ufunguo wake anao mwalimu wa kompyuta, na mwalimu wa kompyuta alikuwa kwenye semina ya wiki nzima kuhusu namna ya kuwawezesha walimu wenzake kutumia kompyuta. Nikamwandikia. Akanijibu kwamba semina ni nzuri sana.

Jioni yake nikashuka Maili Moja kwenye steshenari. Dada wa pale akanipa kompyuta ya pembeni, nikaingia kwenye mfumo, nikaanza. Nilikuwa nimefika kwa mtoto wa kumi na mbili aliponigusa bega. "Mama, samahani, inuka kidogo, huyu anatoa kopi moja tu." Niliinuka. Aliyetaka kopi moja alikuwa na barua ya kuandikwa upya, na picha ndogo ya kukatwa, na mdogo wake nyuma anayetaka kujua matokeo. Niliporudi kwenye kiti, mfumo ulikuwa umenichoka ukanitoa, na watoto kumi na wawili wakarudi kuwa hawajafanya mtihani.

Kwenye kundi la walimu mkuu wa shule aliandika: "Walimu wote kumbukeni Ijumaa saa kumi." Dakika mbili baadaye akaongeza: "Mwalimu wa jiografia kidato cha pili, nimekuona umesoma."

Alhamisi nikaomba ruhusa. Nilimweleza mkuu wa shule kwamba naomba kutokuwepo kazini ili niende wilaya nyingine kufanya kazi. Alinitazama juu ya miwani. Ni mwanamama mwerevu, hakuuliza, akasaini. Nikabeba laptopu mgongoni na waya wake nikaelekea Kisarawe, nikikatizia Kiluvya, na bodaboda iliyonibeba kipande cha mwisho ilinionyesha kila shimo la barabara ile kana kwamba nimetumwa kuyakagua.

Kwa kaka ni mlimani. Kuna upepo, kuna mifenesi, na siku hiyo kulikuwa na intaneti. Kaka alichomeka waya. Laptopu ikafunguka na kurasa zikaja mbio. Ilikuwa kama mtoto anayekutukana nyumbani halafu akawaamkia wageni kwa magoti. Nilitamani kuizaba kibao.

"Unaona," kaka akasema.

Nikaingiza alama. Wifi yangu aliniletea mihogo ya nazi na kukaa karibu akinisomea majina kutoka kwenye karatasi, na kazi iliyonishinda siku tatu ikaisha kabla jua halijapungua makali. Mtoto wa mwisho alikuwa na tisini na moja. Wifi akampigia makofi.

Kaka alikuwa bado amekunja mikono, ameshinda kesi. "Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye ile ruta yenu. Mimi sina la kufanya zaidi."

Wifi, ambaye sijawahi kumsikia akigoma, akasema akikusanya sahani, "Ukitaka kuujua ugonjwa nenda ulipo. Huwezi kumpima mtu akiwa mzima Kisarawe ukajua anaumwa nini Kibaha."

"Siendi nisikoitwa."

"Nani kasema hujaitwa?" nikasema mimi.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka, na si kwa ajili ya laptopu tu. Miaka miwili ya kubeba salamu za wanaume wawili wazima ni mzigo, na ile safari ya bodaboda ilikuwa imenitikisa mpaka nikaona kwamba nikinyamaza, mwezi ujao nitakuwa napeleka alama Kisarawe tena. "Shemeji yako amenyoosha mikono," nikamwambia. "Amesema mwenyewe: hii imenizidi, labda fundi aje."

Kaka akajifanya haoni kitu cha ajabu. "Amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Jioni hiyo nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba kaka anakiri hajaielewa ruta ile, anaomba aje Jumamosi aelekezwe. Mume wangu akashusha gazeti. "Amekiri?"

"Amekiri."

"Aje," akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali rufaa.

Jumamosi asubuhi kaka alishuka na begi lake la vifaa na fenesi zima. Mume wangu alimpokea mlangoni. Walisalimiana kwa heshima kubwa mno, shemeji hujambo, shemeji sijambo, habari za Kisarawe, habari za Dar. Kila mmoja alikuwa na uso wa huruma wa mtu aliyekuja kumsamehe mwenzake. Mimi nikaona nina kazi jikoni.

Kutoka jikoni nilisikia kaka akicheka. Alikuwa amekwenda nyuma ya ruta, akaona waya uko kwenye tundu la bluu.

"Shemeji, nani kachomeka hapa?"

Televisheni ikaongezwa sauti.

"Hili tundu ni la kuingizia intaneti inayotoka nje, kama una waya wa kutoka nje. La kugawia ndani ni haya manne. Hapa ulikuwa unamchotea mtu maji kwenye shimo la choo."

Akauhamisha. Taa moja ya kijani ikawaka mbele ya ruta, taa ambayo sikuwahi kuiona tangu tuinunue. Nikatoka na kitambaa mkononi. Kaka alikuwa amenyooka kama mtu anayesubiri nishani, na mume wangu alikuwa anautazama ukuta. Nilimwonea huruma kwa kiasi cha nusu dakika hivi. Kisha nikafungua ukurasa.

Hakuna intaneti.

Mume wangu akarudisha macho kutoka ukutani. "Mimi si fundi," akasema polepole, "lakini naona taa imewaka na kazi haijafanyika."

Kaka akavuta kiti, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri ambalo watu wa Linux hulipenda kuliko chakula. Akaeleza kwamba kuna amri ya kupiga hodi. Unataja anwani ya ruta, kompyuta inabisha, na ruta ikiwa hai inajibu karibu. Akaandika anwani kwa kichwa, haraka, bila kutazama popote. Tukasubiri. Kompyuta ikabisha mara nne. Mara zote nne ikaandika kwamba ruta haifikiki.

"Ruta yako imekufa, shemeji."

"Imekufa na televisheni inaonyesha?"

"Imekufa upande huu."

"Kitu hakifi upande mmoja."

"Shemeji, mimi nimefanya umeme maisha yangu yote."

"Nakumbuka. Hata zile spika."

Pale nikajua tumefika. Kaka akasukuma kiti nyuma. "Si wewe uliyesema umenyoosha mikono? Nimetoka Kisarawe asubuhi yote hii kwa sababu umenyoosha mikono."

"Nani amenyoosha mikono? Wewe ndiye uliyeomba uje nikuelekeze ruta."

"Mimi? Nielekezwe ruta?"

Wakatazamana. Kisha, taratibu, wote wawili wakageuza vichwa kwangu. Kwa miaka miwili sikuwa nimewaona wakifanya kitu kwa pamoja namna ile.

"Chai au juisi?" nikauliza.

Nikasema kweli, kwa kuwa hapakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Nikawaambia ndiyo, nimewadanganya wote wawili, na ningewadanganya tena. Nikawaambia binti tuliyemuaga siku ile hukwepa kuwapigia simu siku moja, akiogopa kila mmoja atamuuliza mwenzake kasema nini. Mume wangu akainama akaanza kukunja ncha ya kitambaa cha meza. Kaka akarudi kutazama skrini, ingawa haikuwa na jipya.

Baada ya muda akaniambia, sauti imeshuka, "Hebu tazama kwenye simu yako. Bonyeza jina la mtandao, uone kama ruta inaipa anwani."

Nikabonyeza. Zikaja namba zimegawanywa kwa nukta: 192.168.1.14. Nikamsomea.

"Anwani inatolewa," akasema. "Sasa mbona huku..."

Nikainama begani kwake. Kwenye skrini ya laptopu kulikuwa na namba za sura hiyohiyo, nami nikazisoma kwa mazoea ya kazi. Kwa mwalimu wa jiografia, namba moja ikibadilika kwenye ramani, mtoto anakuwa amehamisha mji mzima akauweka baharini. Za laptopu zilisema 192.168.0.50.

"Kaka, hapa katikati simu ina moja. Laptopu ina sifuri."

"Wapi?"

"Fungu la tatu. Hii moja, hii sifuri. Hiyo namba laptopu imeitoa wapi?"

Kaka alitazama ile sifuri kwa muda, kisha akavua miwani akaifuta kwenye shati, akaivaa tena, kana kwamba vumbi ndilo lililoandika.

"Na ile anwani uliyobishia hodi," mume wangu akauliza, naye sasa amesogea, "ilikuwa na ngapi?"

"Sifuri," kaka akasema.

"Kwa nini sifuri?"

"Kwa sababu ruta yangu mimi, ya Kisarawe, ina sifuri hapo katikati." Akakohoa. "Nilipokuwa nahamisha mafaili yake kutoka kwenye kompyuta yangu ya mezani, nilitaka laptopu ikae kwenye namba moja isiyobadilika, niikute palepale kila siku. Nikaiandikia kwa mkono. Halafu nikasahau kuifuta."

Maana yake ilikuwa hivi. Simu na televisheni zikifika kwenye nyumba huiuliza ruta: nikae namba ngapi? Laptopu yangu haikuuliza mtu. Ilikuwa imeandikiwa namba ya nyumba ya Kisarawe, na kila ilipochomekwa, popote, ilikaa kwenye namba hiyo na kutafuta ruta ya kaka. Kule ilikuwa sahihi. Hapa Mkuza ilikuwa inabisha hodi kwenye mlango ulioko wilaya nyingine, na kushangaa haifunguliwi.

Kaka akafungua mipangilio ya waya, akafuta zile namba, akachagua anwani itolewe na ruta yenyewe. Akachomoa waya, akachomeka. Ukurasa wa kwanza uliofunguka ulikuwa wa mfumo wa alama, ambao sikuwa nauhitaji tena.

Nilitegemea mume wangu aseme kitu. Alikuwa na haki, na alikuwa na miaka miwili ya akiba. Alitazama skrini, akamtazama shemeji yake aliyekuwa amekaa kama mwanafunzi aliyeshikwa na karatasi ya majibu, akasema, "Lakini na mimi waya niliweka pabaya. Hata ungekuja na namba sahihi, isingefanya kazi."

"Isingefanya," kaka akakubali haraka.

"Kwa hiyo zilikuwa hitilafu mbili."

"Hitilafu mbili kwa wakati mmoja. Hizo ndizo ngumu kuliko zote, shemeji. Hata fundi mzoefu zinamsumbua."

"Nadhani hata zile spika," mume wangu akasema, "huenda zilikuwa mbili."

Kaka akafikiri kwa uzito mkubwa. "Inawezekana kabisa."

Aliyeiona sifuri hakutajwa. Nilikwenda kupakua wali. Walikula wakijadili hitilafu mbilimbili walizowahi kukutana nazo maishani, na nikasikia kila mmoja akimwachia mwenzake amalize sentensi, hali ambayo mimi katika nyumba ile sijawahi kuonjeshwa. Fenesi walilipasua wenyewe uani, wakapaka mafuta ya kula mikononi ili utomvu usiwanate, wakachafua visu vyangu vyote.

Alasiri mume wangu akamsindikiza kaka kituoni. Ni mwendo wa dakika kumi. Alirudi baada ya saa nzima. Nilipomuuliza kulikoni, akasema walikuwa wanazungumza. Kuhusu nini? Mambo tu. Kisha akakaa kwenye kochi na kuniambia kwamba uongo si tabia nzuri kwa mwalimu, na kwamba shemeji naye ana maoni hayohayo. Nikamwambia nimepokea. "Lakini ulifanya vizuri," akasema, akiitazama televisheni.

Jioni tulimpigia binti yetu. Mume wangu akamwambia mjomba wake alikuwa hapa, amekula na kushiba. Upande wa pili nikasikia anacheka, kicheko cha chinichini kilichochukua muda kuisha. Nikachukua simu nikaenda nayo uani.

Jumatatu mwalimu wa kompyuta alirudi kutoka semina akiwa na begi jipya na cheti. Nilimsimulia yote, mpaka Kisarawe. Alinisikiliza kwa huruma ya kitaalamu.

"Lakini mwalimu," akasema, "kwa nini hukuchomeka simu yako kwenye laptopu kwa ule waya wa chaji? Unawasha kipengele kimoja tu kwenye simu, laptopu inapata intaneti palepale. Ingekuchukua dakika moja."

Nikamuuliza kama hilo wamefundishwa semina. Akasema hapana, hilo kila mtu analijua.

Siku hizi laptopu inafanya kazi vizuri, na waya wa manjano umekatiza sebule kutoka kwenye kabati hadi mezani, na wageni wanauruka. Kaka huja Jumamosi moja katika kila mbili. Mume wangu ameamua kuijua Linux, na kwa kuwa hataki kuihatarisha kompyuta yake ya ofisi, wanajifunzia kwenye yangu. Wanakaa bega kwa bega mbele ya lile dirisha jeusi, wanaandika amri, wanaharibu kitu, wanafurahi, wanatafuta walichoharibu. Wifi yangu huja naye siku nyingine, tunakaa uani tukichambua mchicha. Maandalio ya masomo ya Jumatatu nimerudi kuyaandika kwa kalamu.